Sindano ya Fila Ikileta Madhara: Namna ya Kuwafundisha Wauguzi Wetu

Wauguzi wengi wa Dar es Salaam hawatachoma fila, yaani kijazo cha urembo kinachochomwa chini ya ngozi kujaza midomo, pua au mashavu, hata mara moja katika maisha yao ya kazi, lakini watawapokea waliochomwa. Dada anaweza kujaza midomo Masaki saa tisa alasiri, akarudi kwake Mbagala, na saa tatu usiku akawa kwenye benchi la kituo cha afya cha jirani, ameshika shavu kwa maumivu. Aliyemchoma hapokei simu. Daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji na mama mwenye uchungu pingamizi. Aliye mbele ya huyo dada ni muuguzi, na atakachofanya ndani ya saa moja kinaweza kuamua kama mdomo utapona au utaoza.

Mwongozo huu ni wa anayemfundisha muuguzi huyo: muuguzi mfawidhi, mratibu wa mafunzo kazini, au daktari aliyeombwa kuendesha semina. Sitaeleza namna ya kuchoma fila. Matangazo ya kozi za kuchoma yamejaa mitandaoni. Kilicho adimu ni mafunzo ya kumwokoa aliyechomwa, nayo yanahitaji siku mbili, kisanduku kimoja kilichopangwa vizuri, na mazoezi yanayorudiwa mpaka mikono izoee.

Hatua ya 1: Chagua washiriki, kisha maliza karatasi

Usijaze chumba kwa watu wa kliniki ya ngozi peke yao. Waite wa wagonjwa wa nje, wa dharura, wa kliniki ya macho na wa kliniki ya meno, kwa sababu mwenye maumivu ya mdomo au taya mara nyingi huanzia kwa daktari wa meno. Waite wa zamu ya usiku hasa. Mhudumu wa mapokezi hahitaji siku mbili. Mpe nusu saa na agizo moja la kukariri: mtu akisema amechomwa sindano ya urembo na anaumwa, anapumua kwa shida au haoni vizuri, hapangi foleni.

Kabla ya siku ya kwanza, mganga mfawidhi awe ameshasaini maagizo ya kudumu ya maandishi. Watu hupenda kuiacha karatasi hii ije baadaye, nami naomba isiachwe. Muuguzi anayeona mshipa wa damu umezibwa na fila lakini hana maagizo atapoteza muda wote wa thamani akimsaka daktari; anayechoma bila maagizo anajiweka nje ya mipaka ya kazi yake. Karatasi iseme dalili zipi zinamruhusu kuanza dawa, dozi gani, achome wapi, nani aitwe, na hali ipi asiiguse. Mipaka ya taaluma inasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2010, na washiriki waelezwe tangu asubuhi kwamba cheti cha mafunzo haya si ruhusa ya kwenda kuchoma watu saluni.

Hatua ya 2: Andaa kisanduku

Kisanduku kikae mahali pamoja, kifungwe kwa lakiri ya plastiki kama troli ya dharura, na kikaguliwe kwa ratiba ileile. Ndani yake:

- hialuronidesi, dawa inayoyeyusha fila ya asidi ya hialuroni, chupa kadhaa
- maji ya chumvi ya sindano ya asilimia 0.9
- mabomba ya mililita 1 na 2, sindano nyembamba na sindano za kuchanganyia
- adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita 1, angalau ampuli tatu
- aspirini ya miligramu 300
- pamba, shashi, dawa ya kusafisha ngozi isiyodhuru macho
- tochi yenye mwanga mweupe, saa, kalamu ya kuchora kwenye ngozi
- fomu ya kumbukumbu yenye nafasi ya kuandika saa na dakika
- namba za simu za daktari wa macho, daktari wa upasuaji na gari la wagonjwa, zilizohakikiwa mwezi huu

Idadi ya chupa ndiyo inayobishaniwa na watu wa bajeti, basi wafanyie hesabu mbele yao. Utaratibu unaotumika sana leo ni wa dozi kubwa inayorudiwa kila saa: takriban yuniti 500 kwa eneo dogo kama nusu ya mdomo wa juu, 1000 kama maeneo mawili yameathirika, 1500 kama ni matatu. Chupa nyingi zina yuniti 1500. Mgonjwa wa maeneo matatu akihitaji dozi tatu, chupa tatu zimekwisha na bado hujui kama usiku utakuja na mwingine. Chupa moja kwenye kabati ni sawa na kutokuwa nayo.

Mfamasia ahakikishe kwenye orodha ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania (TMDA) kwamba dawa inayonunuliwa imesajiliwa, na asiruhusu chupa iliyoletwa kwenye begi la mtu kutoka safarini. Kama hospitali yenu ina upasuaji wa macho, anzeni kuuliza huko: madaktari wa macho huitumia dawa hii pamoja na ganzi ya kuzunguka jicho, na huenda tayari ipo jengoni bila idara ya dharura kujua. Someni kibandiko kuhusu joto. Zipo aina za kuhifadhiwa chini ya nyuzi 25, na zipo za kukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, kabati la chumba kisicho na kiyoyozi linapita nyuzi 25 tangu asubuhi. Friji nayo iwe na kipimajoto na daftari, maana umeme ukikatika usiku kucha hakuna atakayekumbuka kesho yake ulirudi saa ngapi.

Hatua ya 3: Waone wenyewe dawa inayeyusha nini

Somo hili linachukua robo saa na hubaki kichwani kuliko picha za ukutani. Tafuta fila ya asidi ya hialuroni iliyokwisha muda wake, uweke tone kwenye kisahani cha kioo. Kwenye kisahani cha pili weka mafuta mazito ya mgando kuwakilisha silikoni. Dondoshea vyote viwili hialuronidesi, koroga kwa ncha ya sindano, na darasa litazame. Tone la kwanza litalegea na kuwa maji. La pili litabaki vilevile.

Sasa eleza. Fila si kitu kimoja. Ipo ya asidi ya hialuroni, ambayo ina dawa ya kuiyeyusha. Ipo ya chembechembe za kalsiamu, ipo ya asidi ya polilaktiki, na zote mbili hazina dawa ya kuyeyusha ya namna hiyo. Halafu ipo silikoni ya majimaji, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya mara kwa mara isichomwe mwilini kwa ajili ya kujaza makalio au matiti. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgonjwa ni “umechomwa nini?”, na kama hajui, aliyemsindikiza apige simu atumiwe picha ya boksi. Lakini dalili za mshipa kuziba usoni zikiwa wazi na aina ya fila haijulikani, msikae mkisubiri boksi: maagizo ya kudumu yaseme dawa ianzwe, kwa kuwa kuichoma bure ni hasara ndogo kuliko kuikosa.

Hatua ya 4: Chora mishipa kwa wanja

Wagawe wawili wawili, kila jozi na kalamu ya wanja. Mmoja akaze meno. Mwenzake apapase ukingo wa taya ya chini, mbele kidogo ya msuli wa kutafunia, mpaka ahisi ateri ya uso ikidunda. Kutoka hapo achore mstari unaopanda kwenda kona ya mdomo, unaotoa matawi ya mdomo wa juu na wa chini, unaopita kando ya pua hadi kona ya ndani ya jicho. Halafu achore mishipa miwili inayotoka juu ya tundu la jicho kwenda kwenye paji la uso. Mishipa hiyo inatokana na ateri ya jicho, na juu ya pua mifumo hii miwili inakutana.

Waache wakae na wanja usoni kwa muda, kwa sababu hapo ndipo maswali huanza. Mtu atauliza: sindano imechomwa puani, jicho limeingiaje? Mwambie aangalie uso wa mwenzake. Fila iliyoingia kwenye mshipa wa pua kwa nguvu ya bomba inaweza kurudi nyuma dhidi ya mkondo wa damu mpaka kwenye shina la ateri ya jicho, kisha bomba likilegezwa damu inaisukuma mbele hadi kwenye retina, utando wa kuonea ulio nyuma ya jicho. Ndiyo maana pua, katikati ya nyusi na paji la uso ni maeneo ya kuogopwa kuliko mengine. Muuguzi aliyeuchora mstari huo kwa mkono wake hatahitaji kuambiwa tena kwa nini anamuuliza mwenye maumivu ya pua kama anaona sawasawa.

Hatua ya 5: Kutambua mshipa ulioziba kwenye ngozi nyeusi

Hapa ndipo mafunzo mengi yaliyoletwa kutoka nje yanapotuangusha, na hapa ndipo utumie muda mrefu kuliko popote. Picha za kufundishia mara nyingi ni za ngozi nyeupe: ngozi inageuka nyeupe kama chokaa, kisha wekundu na zambarau vinajichora waziwazi. Muuguzi aliyefundishwa kwa picha hizo atamtazama dada mweusi wa Temeke, asione weupe, akamwandikia dawa ya maumivu na kumruhusu aende nyumbani.

Mfundishe atumie vitu vinne kwa pamoja. Kwanza maumivu: makali, yanayozidi, yasiyolingana na uvimbe. Hata hivyo, fila nyingi zimechanganywa na ganzi, na wengine huchomwa ganzi ya meno kabla, kwa hiyo kutoumwa katika saa za mwanzo hakumaanishi usalama. Pili rangi: kwenye ngozi nyeusi tafuta ujivu, upauko, au madoa yaliyoungana kama wavu wa mvuvi yenye rangi ya zambarau iliyokolea au kijivu. Mgeuze mgonjwa aelekee dirishani au mmulike kwa tochi nyeupe kutoka pembeni. Taa ya njano inaficha. Mfunue mdomo uone ndani na ufizi, maana huko rangi ya damu inaonekana kwa kila mtu. Vipodozi vifutwe vyote kwanza. Nimeona watu wakikagua ngozi juu ya fondesheni, na huo si ukaguzi. Tatu joto: weka mgongo wa vidole pande zote mbili, upande uliokosa damu unaweza kuwa wa baridi.

Nne, kipimo cha damu kurudi. Bonyeza kwa kidole sekunde chache, achia, hesabu. Upande wenye afya damu hurudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ikichelewa kupita hapo, na upande wa pili haichelewi, hiyo ni dharura mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa ngozi nyeusi sana bonyeza ndani ya mdomo au tumia kipande cha kioo cha maabara kubonyezea, utazame kupitia kioo. Kila mshiriki afanye kipimo hiki kwa wenzake, wa rangi mbalimbali, usoni na siyo kwenye kucha, mpaka ajue “kawaida” ikoje kabla hajakutana na isiyo ya kawaida.

Kuna kosa moja lililo rahisi sana kufanyika. Siku ya pili au ya tatu, ngozi iliyokosa damu hutoa vipele vya usaha. Mgonjwa akija wakati huo, wengi husema ni malengelenge ya hapisi (virusi vya herpes) au chunusi, wakampa dawa ya kupaka. Hapisi inaweza kweli kuamka baada ya sindano ya mdomo. Huanza kwa kuwasha na kuchomachoma, kisha malengelenge madogo yaliyojikusanya. Vipele vya mshipa ulioziba hufuata njia ya mshipa: warudishe kwenye mistari ya wanja. Vikiwa kwenye njia ya mshipa mmoja, upande mmoja, juu ya ngozi iliyobadilika rangi, mtibuni kama mshipa ulioziba na muiteni daktari. Hata baada ya siku moja au mbili daktari anaweza kuamua dawa ijaribiwe.

Hatua ya 6: Zoezi la saa

Mchana wa siku ya kwanza na asubuhi yote ya pili ni ya mazoezi. Mmoja awe mgonjwa, mmoja muuguzi, mmoja ndugu wa mgonjwa, na mmoja ashike saa. Utaratibu wa kufanyia mazoezi ni huu.

Andika saa ya kufika na saa aliyochomwa. Kagua kwa njia nne zilizotajwa, muulize na kumpima macho. Chora kwa kalamu mpaka wa eneo lililobadilika. Piga kelele ya msaada: mwenzako alete kisanduku na amwite daktari, wewe usiondoke kwa mgonjwa. Uliza mzio, hasa kama aliwahi kuvimba vibaya baada ya kuumwa na nyuki au nyigu. Changanya dawa, safisha, choma sehemu nyingi ndogondogo kufuata njia ya mshipa na eneo lote lililopauka, kisha kanda kwa nguvu. Huna haja ya kuulenga mshipa wenyewe. Dawa hupenya ukuta wake ikiwa imeuzunguka. Weka kitambaa cha uvuguvugu. Rudia kipimo cha damu kurudi, andika matokeo, na baada ya saa moja, kama damu bado inachelewa, rudia dozi.

Uvuguvugu, si barafu. Lisemwe mpaka lichoshe, kwa sababu kila mtu aliyewahi kutibu uvimbe mkono wake huenda kwenye barafu, na barafu huibana mishipa ambayo tunajaribu kuifungua.

Kuchanganya kufanywe kwa mchanganyiko mmoja tu uliochaguliwa na daktari wenu na kuandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku. Kwa mfano, chupa ya yuniti 1500 ikichanganywa kwa mililita 3 za maji ya chumvi, kila mililita ina yuniti 500 na hesabu ni nyepesi; wengine hutumia mililita 1 tu ili wasizidishe uvimbe. Vyote vinafanya kazi. Kinacholeta hatari ni wawili wa zamu moja kuwa na michanganyiko miwili. Mikono ijifunzie kwenye mapaja ya kuku yenye ngozi, kwa maji ya chumvi yenye rangi, ambapo mtu anaona jinsi alivyosambaza.

Dawa hii ni protini, na mzio mkali unawezekana. Kwa mtu anayetaka tu kupunguza midomo iliyojaa kupita kiasi, jaribio la ngozi hufanywa na kusubiriwa kama nusu saa. Kwa mshipa ulioziba hakuna muda huo. Badala yake adrenalini iwe mkononi. Mgonjwa akianza kuvimba ulimi, kukoroma au presha kushuka: adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, arudiwe baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Zoezi hili lifanywe mpaka mtu asihitaji kufikiri.

Aspirini ya miligramu 300 ya kutafuna hutolewa kwa maagizo ya daktari, isipokuwa mwenye vidonda vya tumbo, mzio au hatari ya kutokwa damu. Kwa jiji lililowahi kupigwa mwaka 2014 na 2019 na homa ya dengi, inayoweza kuleta kutokwa damu, muuguzi apime joto na aulize kuhusu homa kabla ya kuitoa.

Mazoezi yakishaeleweka, yavuruge. Zima taa za chumba. Daktari asipokee simu. Mgonjwa adai kwamba hajachomwa chochote. Mume aingie na kuuliza kwa ukali kuna nini. Mshika saa aseme dakika kwa sauti. Mtu aliyepita kwenye vurugu hizo darasani hatatetemeka akizikuta wodini.

Hatua ya 7: Jicho

Akisema haoni, anaona ukungu, anaona viwili, kope limeanguka au jicho linauma ghafla baada ya sindano ya uso, kila kitu kingine kinasubiri. Retina iliyokosa damu inahesabiwa kwa dakika. Wakati unaotajwa mara nyingi ni dakika 60 hadi 90, na inaweza kuwa pungufu sana. Mlaze chali. Funika jicho moja, kisha jingine, ahesabu vidole, andika. Angalia uso umepinda, mkono umelegea, maneno yanakwama, kwa sababu fila iliyofika kwenye ateri ya jicho inaweza kufika pia kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Kisha simu kwa daktari wa macho, na gari. Dawa ya kuyeyusha fila inachomwa eneo lililojazwa wakati gari linatafutwa, lakini isiwe sababu ya kuchelewesha safari. Matone ya kushusha presha ya jicho na kukanda jicho hufanywa kwa maelekezo ya daktari aliye kwenye simu. Muuguzi asichome nyuma ya jicho.

Kila kituo kichore mapema njia yake. Muhimbili iko Upanga, hospitali ya CCBRT iko Msasani, Mloganzila iko mbali kando ya Barabara ya Morogoro. Kutoka Mbezi Beach saa kumi na moja jioni, foleni itaamua zaidi kuliko umbali wa kilomita. Ulizeni kwa simu, siku ya kawaida, ni wapi kuna daktari wa macho wa dharura usiku, na jibu libandikwe ukutani. Simu yenyewe ifanyiwe zoezi, ikiwa fupi namna hii:

“Dokta, shikamoo. Ni Sista wa zamu, kituo chetu kiko Tabata. Nina mama wa miaka 34, alichomwa fila puani saa nane na dakika kumi. Saa nane na nusu jicho la kulia liliacha kuona. Hahesabu vidole, anaona mwanga tu. Mikono na maongezi viko sawa. Tumeanza hialuronidesi yuniti 1500. Gari linatoka sasa hivi. Naomba uniambie tufanye nini njiani na tumlete mlango upi.”

Hatua ya 8: Makalio na mapaja

Sindano za kuongeza shepu ni habari nyingine kabisa, na wauguzi waambiwe wasizichanganye na midomo. Kinachochomwa ni kingi, mara nyingi hakijulikani, na kama ni silikoni hakuna kinachoiyeyusha. Hatari ya haraka iko kwenye mapafu: mtu anapumua kwa shida, anakohoa, pengine anakohoa damu, ana homa au amechanganyikiwa, saa chache au siku chache baada ya sindano. Oksijeni, mshipa wa dripu, na rufaa kwenda penye chumba cha uangalizi maalumu. Usimlaze akapumzike uone kama itapungua.

Wanaokuja miezi au miaka baadaye huwa na vinundu vigumu, ngozi iliyobadilika rangi, au kitu kilichosogea hadi pajani. Muuguzi asipasue na asikamue. Hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji, na kukamua kunafungua mlango wa kidonda kisichofunga. Na kwa yeyote aliyechomwa mahali ambapo sindano huenda zilichangiwa, swali la kinga ya VVU baada ya hatari liulizwe papo hapo, kwa sababu dawa hizo zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Homa ya ini aina ya B ifuatiliwe pia.

Hatua ya 9: Uvimbe, usaha na vinundu

Michubuko na uvimbe wa siku mbili tatu usioambatana na maumivu makali ni vya kawaida. Barafu hapa inaruhusiwa, mshipa ukishahakikishwa uko salama. Rangi ya bluu hafifu chini ya macho mara nyingi ni fila iliyowekwa juu mno, si dharura.

Usaha upelekwe maabara kabla ya kuanza dawa. Jipu lisilopona kwa wiki kadhaa, ambalo vipimo vya kawaida havionyeshi kitu, linaweza kuwa na bakteria wa jamaa ya wa kifua kikuu. Muuguzi amkumbushe daktari kuagiza kipimo hicho. Asitoe wala kushauri dawa za jamii ya steroidi kwa kinundu chochote kabla maambukizi hayajaondolewa kwenye mashaka. Ngozi zetu huacha makovu na weusi kirahisi, hivyo kidonda cha uso kifungwe kwa kitu chenye unyevu, kisisuguliwe kwa spiriti, na mgonjwa akingwe jua.

Hatua ya 10: Maneno

Mgonjwa huyu anaficha. Anaogopa mume, mama mkwe, na zaidi anaogopa sura ya muuguzi. Akisikia “mmezidi na urembo wenu” ataondoka, na atarudi nyama ikiwa imeshakuwa nyeusi. Kwa hiyo maneno yafanyiwe zoezi kama dozi. Wanaomsindikiza waombwe wakae nje kwa heshima, mlango ufungwe, na muuguzi aseme: “Pole sana dada yangu. Sikuulizi ili nikulaumu. Nataka nijue kilichowekwa, wapi, saa ngapi, na kiasi gani, ili nikusaidie sasa hivi. Tutakachozungumza ni siri yako na matibabu yako.” Kwa mwanamume vilevile, maana nao wanachomwa.

Picha za uso ni sehemu ya matibabu: zinaonyesha kama eneo linapungua au linatanuka. Zipigwe kwa ridhaa iliyoandikwa, kwa kifaa cha kituo, ziingie kwenye faili. Simu binafsi ya muuguzi ibaki mfukoni, na picha isiende kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la kazini. Hili nalitilia mkazo kuliko karatasi zote, kwa sababu picha moja ikivuja, wagonjwa wa mtaa mzima hawatakuja tena kwenye kituo hicho.

Hatua ya 11: Thibitisha, kisha rudia

Mtihani wa maandishi usiwe ndio kipimo. Mshiriki afaulu akishaweza, mbele ya mkufunzi, kukagua uso mweusi kwa njia zote nne, kuchanganya dawa na kutaja yuniti zilizo kwenye bomba lake bila kusita, kutoa adrenalini, na kupiga simu ya rufaa kwa muda usiozidi dakika moja. Asiyefaulu arudie wiki hiyohiyo, bila kutangazwa.

Mgonjwa aliyetibiwa asiruhusiwe mara damu inaporudi. Akaguliwe kila saa kama maagizo yanavyosema, apewe maandishi ya dalili za kurudi nazo, apigiwe simu usiku huo na aonwe kesho yake. Madhara yoyote ya dawa yaripotiwe TMDA, na kila tukio liingie kwenye rejista moja ya kituo.

Mazoezi ya kurudia yafanyike kila miezi mitatu, nusu saa tu, na angalau moja kwa mwaka lifanyike saa nane za usiku na zamu iliyopo. Wakija wauguzi wapya kabla ya miezi mitatu kuisha, waonyeshwe kisanduku siku ya kwanza, wakifungue wenyewe, wasome tarehe za kwisha muda wa kila chupa, na wasaini kwamba wanajua lakiri mpya zinawekwa wapi.